Mama Mkwe, Nguvu Moja

Umeme ulikatika likizo ya Juni, wanangu wawili na mpwa wangu wakabaki sebuleni wananitazama kana kwamba mimi ndiye niliyezima mitambo. Simu hazina chaji, televisheni nyeusi, jua kali nje. Nikachukua boksi la viatu, nikalikata vipande kwa kisu cha jikoni, nikachomoa dadu mbili kwenye ludo yao, nikawaambia leo tunapiga mieleka ya mezani.

Wazo si langu. Marekani wanacheza hivyo miaka mingi. Tom Filsinger alitoa mchezo wake, Champions of the Galaxy, mwaka 1986, wanamieleka wa anga za mbali wamechorwa kwenye kadi na dadu ndizo zinazoamua nani abwagwe. Mimi nikatunga sheria zangu fupi. Kila kadi ina Nguvu. Wawili wanarusha dadu moja moja, kila mtu anajumlisha na Nguvu yake, mwenye jumla kubwa kampiga mwenzake. Ukishampiga mara tatu, unaruhusiwa kumlalia: unarusha dadu mbili, zikifika 9 au zaidi, mabega yamegusa chini, moja, mbili, tatu, kwisha kazi. Zisipofika, kainua bega, mnaendelea, na kila ukimpiga tena unamlalia tena. Njia za kupata 9 kwenda juu ni 10 tu kati ya 36, hivyo pambano halimaliziki upesi. Hilo ndilo lililokuja kuniponza.

Wakataja wanamieleka wao, ambao wanawajua kuliko mawaziri. Tukakubaliana Nguvu ifuate kilo, kuanzia 1 hadi 6. Big Show, aliyekuwa akitangazwa kwa futi 7 na ratili kama 500, akapewa 6. Rey Mysterio, futi 5 na inchi 6, akapewa 1. Mpwa wangu, anayempenda Rey kuliko anavyonipenda mimi, alipigwa mpaka machozi yakamlenga. Hakupata hata pigo moja.

Ndipo nikachukua karatasi. Rey akirusha 6, jumla yake ni 7. Big Show akirusha 1, jumla yake ni 7. Maana yake, siku ambayo mdogo kapata bahati yake yote ya duniani na lile jitu limeishiwa kabisa, wanatoka sare, na siku hiyo huja mara 1 katika 36. Kushinda, hata mkeshe.

"Lakini Rey alibeba mkanda!" mpwa akalia.

Kweli alibeba. Mwaka 2006 aliingia Royal Rumble, pambano la kutupana nje ya ulingo, akiwa wa pili kati ya 30, akadumu ulingoni zaidi ya saa nzima, akabaki wa mwisho, na Aprili ya mwaka huohuo akatwaa mkanda wa dunia wa uzito wa juu, yeye na kimo chake kile, kwenye WrestleMania 22. Ila kule mdogo anashinda kwa sababu kuna mtu ofisini kaandika kwamba leo mdogo ashinde. (Wanangu hawajui hilo. Ukipita kwetu, nyamaza.) Dadu hazina wa kuziandikia, kwa hiyo huruma yote inabidi uitie kwenye namba kabla watu hawajapanda ulingoni.

Nikashusha Nguvu, mwisho 3. Mtu anaweza kudhani pointi moja si kitu. Wenye Nguvu sawa, kila mmoja ana njia 15 za kumpiga mwenzake katika zile 36, na 6 za sare. Mwongezee mmoja pointi moja tu, anapata njia 21, mwenzake anabaki na 10. Mwongezee mbili, zinakuwa 26 kwa 6. Pengo la pointi mbili ni uonevu tayari. Kwa wadogo nikabuni Ujanja: mwenye Ujanja anarusha mara mbili na kuchukua kubwa. Hapo mwenye Nguvu 1 anaweza kumpiga mwenye 3 mara 58 kati ya njia 216 za mirusho mitatu, zaidi kidogo ya robo. Anapigwa, ndiyo, lakini ana sababu ya kukaa kwenye mkeka. Nilijiona nimesoma.

Wakachoka na Wamarekani. Mkubwa akaja na wazo la kuweka watu wa nyumbani, na mimi, badala ya kukataa, nikatafuta boksi lingine la viatu. Nguvu ikafuata kilo kama kawaida. Mimi nikapata 3, kwa kuwa kilo zangu hazihitaji mizani. Mama yao 2. Shangazi yao 2, na tukapatana asiambiwe. Bibi yao, mama mkwe wangu, mwembamba, tena mwenye presha, akapata 1. Watoto wakadai apewe Ujanja, maana hakuna kitu kilichowahi kufichwa nyumba hii asikione. Mdogo akamchora: khanga ya madoadoa, miguu kama njiti za kiberiti, na mwiko mrefu kuliko mwenyewe. Chini akaandika: Pigo la mwisho, Mwiko wa Ugali.

Mama mkwe akashuka kutoka Lushoto bila taarifa, na kikapu cha mapeasi. Umeme haupo tena. Nikampa shikamoo nikiwa nimeinamisha macho, nikapokea kikapu, nikawa natafuta njia ya kupotelea uani kama inavyompasa mkwe mwenye adabu. Nyuma yangu nikasikia, "Bibi, na wewe umo!"

Miguu ikagoma.

"Soma," akamwambia mjukuu.

"Bibi. Nguvu moja. Ujanja. Pigo la mwisho, Mwiko wa Ugali."

"Moja kati ya ngapi?"

"Kati ya tatu."

"Na mwenye tatu nani?"

Mtoto akanyoosha kidole mlangoni, nilipokuwa nimesimama na mapeasi. Jikoni mke wangu alikuwa anacheka. Akaacha.

Mama mkwe hasemi na mimi moja kwa moja, na mimi sisemi naye moja kwa moja. Ndivyo tulivyoishi kwa amani miaka yote hii. Akamgeukia mjukuu. "Mwambie baba yako, mimi nimelima milima ya kwetu kwa jembe la mkono yeye hajazaliwa. Yeye ndoo ya maji anaibeba kwa mikono miwili."

"Baba, Bibi anasema..."

"Nimesikia. Mwambie Bibi Nguvu inafuata kilo."

"Bibi, Baba anasema wewe huna kilo."

Nikamwambia mkubwa achukue kalamu ampandishie Bibi ziwe 3, tuyamalize. Akakataa. Nimemfundisha mwenyewe. "Tatu pamoja na Ujanja? Atakuwa kama Big Show wa mwanzo, nani atamweza?" Nikamkonyeza. Akanikodolea macho na kuniuliza kama nimeingiwa na mdudu.

"Mwambie baba yako akae," mama mkwe akasema, akakunja miguu juu ya mkeka.

Nikakaa ukingoni kabisa, uso nimeuelekeza ukutani, nikarusha dadu kwa pembeni. Nia yangu ilikuwa moja, nipigwe upesi, niende uani. Lakini dadu haijui ukwe. Dadu ya ludo ile, iliyofutika rangi mpaka doa la moja pekee ndilo limebaki na wekundu wake, haijawahi kunipendelea tangu tuinunue. Siku hiyo ikanipa 6. Mama mkwe akarusha mara mbili kwa Ujanja wake, akapata 2 na 3.

Sasa, mpwa wangu anataka kuwa mtangazaji wa mpira. Ana sauti ya kazi hiyo na mapafu ya kazi hiyo. "Mjomba kampiga Bibi ngwala! Bibi chini! Bibi chiniii!"

Nikamwambia apunguze. Akapandisha. Nikarusha tena, 5. "Mjomba anamkaba Bibi kabari! Bibi anahema!" Mama mkwe akapata pigo lake moja, akapiga makofi, akapata la pili. Nikaanza kupata matumaini. Halafu nikarusha 6 nyingine, ikawa pigo langu la tatu, na watoto wote wakaruka kwa pamoja: "Mlalie! Mlalie!"

Siwezi kuwaeleza ilivyo kutakiwa kumlalia mama mkwe wako mbele ya wanao, hata kwa dadu. Nikarusha mbili, zikaja 8. "Bibi kainua bega!" Duru iliyofuata nikampiga tena. Zikaja 5. "Bibi hafi! Mjomba anampiga, Bibi hafi!"

Ikumbukwe umeme haupo. Mtaani kwetu Ngamiani, Tanga, jua la saa tisa, madirisha wazi, hakuna redio inayolia, hakuna feni, hakuna cherehani ya umeme. Barabara nzima ilikuwa kimya inasikiliza nyumba moja.

Mama mkwe akapata pigo lake la tatu, akarusha zile mbili za kunilalia kwa nguvu zote alizonyimwa kwenye kadi. Dadu moja ikagonga mguu wa meza ikaingia chini ya kabati. Akalala kifudifudi kuitafuta. Mimi nikapiga magoti pembeni yake kumsaidia, mkono mmoja nimeuinua juu na kile kikombe cha kahawa cha kurushia. Mpwa akiwa amepanda kochi anapiga yowe: "Bibi yuko chini! Mjomba yuko juu!"

Mlango ukafunguka. Jirani wa pili katangulia, mchi mkononi. Nyuma yake mjumbe wa nyumba kumi, kandambili moja mguuni, na nyuma ya mjumbe watu ambao wengine sijawahi kuwaona mtaani kwetu.

"Mwachie huyo mama!" mjumbe akaamuru.

"Mzee, ni dadu!"

"Dada gani? Huyu si mama mkwe wako?"

Nikaeleza. Nilipaswa kuonyesha kadi na kunyamaza, lakini mtu akiogopa hushika anachokijua, na mimi nilichokijua ni zile njia 36. Nikamwambia kwamba kwa pengo la pointi mbili mimi nilikuwa na nafasi kubwa ya kumpiga, lakini kwa Ujanja nilimpandishia nafasi yake hadi zaidi kidogo ya robo...

"Kwa hiyo unampiga mama mkwe wako kwa hesabu," akasema mjumbe, na umati ukaguna.

Mama mkwe akatokea chini ya kabati, vumbi kwenye khanga, dadu kaishika kwa vidole viwili. Akawatazama wote. "Nani kawaita? Mnanivuruga. Nilikuwa namlalia."

Wakatazamana. Akakaa, akazirusha zote mbili upya. Tano. Na nne.

Kwa sekunde hakuna aliyejua kama ni furaha au msiba. Kisha mwanangu mdogo akajumlisha kwa vidole, akapiga kelele "Tisa!", na jirani, ambaye nusu saa nyuma hakuwahi kusikia mchezo huu, akapiga mchi sakafuni mara tatu kama refa wa miaka yote. Vigelegele vikaanzia jikoni, kwa mke wangu, ndani ya nyumba ninayolipa kodi mimi.

Watu hawakuondoka. Mapeasi yakagawiwa. Kila mmoja akataka kadi yake, na kila mmoja akataka 3. Mwenye mchi akauonyesha kama ushahidi. Mjumbe akasogea karibu yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini yeye angepewa ngapi. Nikamtazama mwili, nikasema moja, labda na Ujanja.

"Nasimamia nyumba kumi, halafu unipe moja?"

Akaandikiwa tatu. Wakaandikiwa wote tatu, mpaka boksi likaisha, ikawa kila mtu ana njia 15 na mwenzake 15 na sare 6, usawa ambao nilikuwa nimeutafuta kwa karatasi na kalamu. Akabaki mama mkwe. Mkubwa akachukua kadi yake ampandishie, kwa kuwa sasa ni haki. Bibi akaipokonya, akaifunga kwenye pindo la khanga pamoja na nauli yake.

"Mwambie baba yako aache moja yangu hapohapo. Lushoto nitawaambia mwenye tatu alipigwa na nani?"