Roger wa Palermo na hati ya shamba la nyanya yangu

Hapa Palermo ninakoishi, waongoza watalii humsifu Roger II, mfalme wa Sisilia wa karne ya 12, mpaka koo ziwakauke: mfalme wa wote, Wakristo kwa Waislamu. Mie nakubali nusu.

Baba yake na amu yake, Robert Guiscard, walikuwa Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliotafuta riziki kwa upanga, wakawapokonya Waislamu Sisilia kati ya 1061 na 1091. Roger aliirithi mwaka 1105 akiwa na miaka tisa tu, mamake akimshikia madaraka. Jamaa yake mtawala wa Apulia, kusini mwa Italia, alipofariki 1127 bila mtoto, akaidaka na hiyo. Mapapa wawili wakawa wanagombea kiti. Akamuunga mkono Anacletus, na Krismasi ya 1130 akavishwa taji. Papa wa pili, Innocent, alimjia na jeshi mwaka 1139, akatekwa, akamkubali kuwa mfalme. Mjanja huyu!

Makarani wake waliandika Kiarabu, Kigiriki na Kilatini. Kasrini mpaka leo lipo jiwe la saa yake ya maji ya 1142, limechongwa maneno kwa lugha zote tatu. (Hata Malindi na chuma chake zimo katika kitabu alichoandikiwa na mwanajiografia al-Idrisi.) Mimi nikienda kuomba kibali cha kuishi, fomu ni Kitaliano kitupu. Haya, huku ni ugenini. Lakini Kenya, ambako katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi, nyanya yangu wa Kilifi ana hati ya shamba ya Kiingereza, na akitaka kujua yaliyomo lazima angoje mjukuu.

Wasifuji husahau kwamba orodha nyingi walizoandika makarani hao kwa Kiarabu na Kigiriki zilikuwa za wakulima, wengi wao Waislamu, waliogawiwa mabwana na makanisa pamoja na ardhi. Waliandikwa kwa lugha yao ili asikoseke wa kutozwa. Na mwaka 1153 Philip wa Mahdia, amiri wa meli zake, alichomwa moto kwa kushtakiwa kuwa Mwislamu wa siri.

Hata hivyo, mkulima yule akisomewa orodha alielewa. Nyanya ana ardhi yake mwenyewe na hajui karatasi yasemaje. Wizara ya Ardhi itoe hati kwa Kiswahili, ianze na Kilifi na Kwale: hati ni ile ile, hubadilika majina na namba tu.