Vipepeo wa Gede na ekari za msitu

Baraza lolote la Malindi, pwani ya Kenya, likigusa Msitu wa Arabuko-Sokoke, kuna hoja haikosi: zaidi ya kilomita za mraba 400 wameachiwa ndovu na ndege, halafu sisi tunaambiwa tufuge vipepeo. Kipepeo haliwi. Mwenye watoto sita na kishamba kilichochoka hasemi upuuzi anaposema hivyo.

Lakini kuna mkosoaji mwerevu zaidi, na huyo ndiye anayestahili kujibiwa. Tangu 1993, Mradi wa Kipepeo pale Gede hununua pupa (kiwavi aliyejifunga ganda kabla ya kutoka kipepeo) kwa wafugaji wa kando ya msitu na kuwauza ng'ambo kwenye nyumba za maonyesho ya vipepeo. Anasema: mfugaji akishaotesha uani miche ya kulisha viwavi, msitu wa nini tena?

Jibu langu limo miguuni mwa kipepeo. Jike hatagi ovyo. Rangi na harufu humleta karibu tu. Akishatua hulipigapiga jani kwa miguu ya mbele, na vinyweleo vya miguuni vikaonja utomvu. Ladha ikikubali, anapinda tumbo na kuacha yai. Ikikataa, huyo anakwenda zake, hata kama kwa macho yetu jani lile halina kasoro. Ajabu yake ni kwamba anachagua chakula ambacho yeye mwenyewe hatakila kamwe: mdomo wake ni mrija wa kunyonyea nekta. Anamchagulia kiwavi, ambaye akianguliwa juu ya jani lisilo lake hana mabawa ya kumpeleka kwingine. Atakufa njaa katikati ya majani.

Tena ladha hiyo ina kazi ya pili. Yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi, *Danaus chrysippus*, hutaga kwenye mimea yenye utomvu mweupe mchungu. Kiwavi hula sumu, huihifadhi mwilini, na ndege akimjaribu mara moja hujuta.

Kwa hiyo miche ya uani ni lazima, ila haitoshi. Ukizalisha ndugu kwa ndugu ndani ya wavu, kizazi hadi kizazi, uzao unadhoofika. Mfugaji hurudi msituni na wavu wake, na mtego wa ndizi zilizovunda, kutafuta damu mpya. Na jike wa msituni yupo kwa sababu mti ambao miguu yake inautambua bado umesimama.

Nakiri soko lenyewe ni la wasiwasi. Pupa hangoji (jina lenyewe linatuonya): akichelewa njiani, anatoka kipepeo ndani ya boksi. Mwaka 2020 safari za ndege ziliposimama, hakuna aliyeweza kuwaambia viwavi wasubiri. Hata hivyo sioni jinsi mahindi ya msimu mmoja yanavyoushinda msitu unaorudiwa kila mwaka.

Kinachonisumbua ni mdimu wa jirani. Kipepeo aitwaye *Papilio demodocus* hutaga kwenye michungwa na midimu, miti ya asili ya Asia, kwa kuwa miguu yake huonja humo ladha ya ukoo wa mimea yetu ya porini. Mfugaji hulipwa kwa pupa wake. Jirani asiyefuga huamka akakuta mche wake umebaki vijiti, na sijasikia mtu akimhesabia hasara hiyo.