Kwani Gentoo ni adhabu?

"Usipokompaili mwenyewe, wewe si mtu wa Gentoo." Jamaa kanitupia hilo juzi kwa uchungu kweli, kisa nimesema mashine yangu nimeijenga upya kwa paketi za bainari, yaani programu zilizokwisha jengwa. Gentoo ni Linux ambayo kwa desturi programu zake unazikompaili mwenyewe, yaani unazijenga kutoka kodi chanzo. Ungedhani nimeuza shamba la urithi.

Haya, tuongee. Profaili 23.0 (mipangilio ya msingi ya mfumo) ilipotoka Machi 2024, maelekezo yalikuwa: hamia profaili mpya, kisha `emerge --emptytree @world`, amri ya kujenga upya. Yaani kila kitu, vikompaila vikubwa kama gcc na LLVM, na lile jinamizi liitwalo qtwebengine (injini ya kivinjari), linalokula RAM mpaka kipanya kinaganda huku feni inalia na wewe unaomba umeme usikatike. Lakini tangu 29 Desemba 2023 Gentoo wenyewe wanatoa paketi zilizokwisha kompailiwa za prosesa za amd64 na arm64, GB 20 na zaidi, LibreOffice imo, GNOME imo, Plasma imo. Mimi nikafungua binrepos.conf, faili linaloonyesha paketi hizo zinatoka wapi, profaili ya zamani 17.1 nikaifanya 23.0, nikaongeza `--getbinpkg` ili zishushwe, nikaenda kula.

Na hapa ndipo wanaonuna hawataki kusikiliza. Raha ya Gentoo ni kuchagua, na uchaguzi huo hakuna aliyeugusa! Portage, msimamizi wa paketi wa Gentoo, inalinganisha USE zako (swichi za kuchagua programu iwe na nini) na za paketi iliyoko kwenye seva. Zikilingana, inashusha. Zikipishana, inakwenda kwenye kodi chanzo na kukompaili vilevile ulivyotaka, bila kukuuliza. Kwangu vitu vingi vilishuka tayari; vile nilivyovikorofisha mwenyewe kwenye package.use, faili la USE za paketi mojamoja, ndivyo vilivyopikwa hapa nyumbani. Sasa mashine ikeshe inakompaili bash (programu ya kuandikia amri), itoke bash ileile, ili nimfurahishe nani?

"Lakini usalama!" Paketi zina saini, na zana iitwayo getuto inakuwekea funguo za kuzihakiki. Halafu wewe unayekompaili, hiyo kodi huwa unaisoma? Sumu iliyofichwa kwenye xz, programu ya kubana faili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1, ilikuwa ndani ya faili za chanzo zenyewe, ikajipenyeza wakati wa kukompaili. Gentoo ilinusurika kwa sababu mwenye sumu aliwalenga wanaotengeneza deb na rpm, paketi za Linux nyingine. Ushujaa wa mtu kutazama herufi zikipita kwenye skrini nyeusi haukuhusika.

Kuhusu kasi, sawa, nakubali kidogo. Paketi za kawaida zimekompailiwa kwa x86-64 ya jumla, na `-march=native`, yaani kukompaili kwa ajili ya prosesa yako mwenyewe, ina faida yake kwa kazi nzito za hesabu. Ipo pia seti ya x86-64-v3 kwa prosesa za karibuni, ila wazee wetu hawaitaji kwa sababu inaharibu hoja.

Kerneli, kiini cha mfumo, bado naikompaili mwenyewe, naipenda menuconfig, menyu yake ya mipangilio. Ila LibreOffice? Hapana, ndugu yangu. Anayeitaka kwa jasho aanze leo, sisi wengine tuna barua za kuandika.