Deraya ya 700 na mzee wa kanzu

Nilikuwa nimevaa deraya ya Daedric, nzito kuliko zote, mwili mzima, nyeusi tii, namba ya kinga inasoma 700 na ushee, natembea kwenye gemu ya Skyrim kama vile nimeinunua. Majambazi wananipiga mashoka, mimi nacheka. Nikaingia pango moja, nikamkuta mzee wa kanzu. Kanzu tu, hana hata kipande cha chuma mwilini. Akanirushia barafu mara nne: miguu ikawa mizito, pumzi ikakata, nikafa.

Hapo ndipo nilipoanza kuzichimba hesabu za gemu hii. Ilitoka 2011, na mpaka leo wapo watu wanaoicheza bila kuzijua. Siwalaumu. Ukifungua orodha ya vifaa vyako unaonyeshwa namba moja ya deraya, basi. Huambiwi inapunguza pigo kwa kiasi gani, wala huambiwi kwamba ina kikomo.

Kikomo chenyewe ni asilimia 80. Kila pointi ya deraya inapunguza pigo kwa asilimia 0.12, na kila kipande ulichovaa (kofia, vazi la kifuani, glovu, buti) kinakupa asilimia 3 za siri zisizoandikwa popote. Ukivaa vyote vinne, kikomo unakigusa kwenye 567. Ukishika na ngao, 542. Kwa hiyo pointi zangu zaidi ya 130 zilikuwa pambo tu.

Sisemi deraya haina kazi. Tena nawashangaa wanaofika 300 wakaona yatosha, kwa sababu utamu uko mwishoni. Ukiwa na 500, pigo la 100 linakufikia likiwa 28. Panda hadi 567, linakufikia likiwa 20. Maumivu yamepungua kwa zaidi ya robo. Lakini pointi 67 kama hizo, ukizipata mwanzo kabisa (umevaa vipande vinne tu, bila pointi), zinalitoa pigo lile la 100 kwenye 88 hadi 80 tu. Ni kama kuezeka nyumba: paa likiwa nusu, mvua ikija unalowa vilevile. Na huhitaji Daedric kufika huko. Deraya nyepesi nayo inafika, mradi uhunzi wako umekomaa. Ila ukifikisha uhunzi 60 chukua ile stadi ya Arcane Blacksmith, maana bila hiyo kitu kilichokwisha kuzindikwa, yaani kutiwa uchawi, huwezi kukiboresha mezani.

Sasa turudi kwa mzee wa kanzu. Deraya haizuii moto wa uchawi, wala barafu, wala radi. Haizuii hata kidogo! Uwe na 567 au uwe kifua wazi, mpira wa moto ni uleule. Ndiyo maana nasema mchezaji aliyefika 567 aache kufua chuma, atafute zindiko.

Kinga ya uchawi nayo ina kikomo chake, asilimia 85, na njia zake hujumlishwa. Lord Stone, lile jiwe la milimani mashariki ya mji wa Morthal, linakupa asilimia 25 na pointi 50 za deraya juu yake. Stadi tatu za Magic Resistance kwenye Alteration, tawi mojawapo la uchawi, zinakupa 30. Halafu iko ninayoipenda kuliko zote: nenda hekalu la Mara, mungu wa mapenzi, pale mji wa Riften, wanakutuma kuwa mshenga. Ndiyo, mshenga! Shujaa mzima aliyechinja majoka anapelekwa mji wa Markarth kumsaidia Calcelmo, mzee msomi anayemwonea haya mwanamke aitwaye Faleen, na unatoa dhahabu 200 kwa msanii akuandikie shairi la kumtongozea. Ukiikamilisha kazi yote, unapata asilimia 15 za kudumu. Mimi niliipuuza kwa miaka nikidhani ni hadithi ya kupoteza muda.

Jumla hapo ni 70, na bado hujavaa pete wala mkufu. Ukizindika kimoja kwa ajili ya moto peke yake, hicho kinafanya kazi juu ya kile kilichobaki: moto wa 100 unakuwa 30, na kinga ya moto ya asilimia 50 inaufanya 15.

La afya nitalipitia haraka. Kila ukipanda leveli unachagua pointi 10 za kuongeza. Mimi nilizimwaga zote kwenye stamina ili nibebe mizigo zaidi, kama mchukuzi wa Kariakoo, na nikabaki na uhai mwembamba. Asilimia 80 ya kinga haimfai sana mtu anayekufa kwa makofi mawili.

Yule mzee nilimrudia nikiwa na 70 zangu. Akarusha barafu, nikamsogelea polepole. Akarusha tena. Uchawi ulipomwishia akachomoa kisu.