Nilivyopandisha mahari nikiwa nimelala

Ukoo ulinichagua kuwa mshenga kwa sababu moja tu: mdomo. Nauza mitumba soko la Mlango Mmoja, Mwanza, huu mwaka wa 14, na sifa yangu ni kwamba mteja akija na elfu 5 ya shati ataondoka na shati, soksi na deni. Sijawahi kushindwa bei na mtu aliye macho. Bahati mbaya, siku ile aliyetakiwa kuwa macho ni mimi.

Mdogo wetu wa mwisho, anayevua dagaa, alikuwa amempata binti wa Sengerema. Kwetu Wasukuma mahari ni ng'ombe, na baba mdogo, ambaye ndiye mwenye zizi huko Magu, alishatamka kwamba tukizidi sana ni 12. Hiyo 12 yenyewe aliitamka huku anahema. Ijumaa jioni tukakaa kupanga mashambulizi, nikawawekea sheria tatu, nawe zishike maana ndizo zilizotumaliza. Anayesema ni mimi peke yangu. Hata mkiona nakosea, kimya, mbele ya wakwe hatubishani. Na mkiniona nimefumba macho msishtuke, hapo napiga hesabu.

Sasa mchana wa Ijumaa hiyohiyo nilikuwa nimefungua robota la majaketi. Ukikata mikanda tu, linakupumulia usoni vumbi la nchi usiyoijua, lililokaa gizani miezi na miezi. Nilipiga chafya 11 mfululizo, jirani yangu wa viatu akiwa anahesabu kwa sauti. Kufika jioni pua inatiririka kama Mto Mirongo wakati wa masika.

Nyumbani tunaishi na shangazi, daktari wa ukoo. Ana chupa lake la lita moja na nusu, zamani lilikuwa la maji, siku hizi limejaa kitu cheusi kizito kinachotokeza povu pembeni. Mwarobaini, majani ya mpera, tangawizi, ndimu, asali ya Tabora. Hiyo inatibu kifua, mafua, mtoto anayelia usiku na mzee anayelalamika usiku. Mtoto wa ukoo huu akinywa kijiko kimoja analala kama gogo mpaka jua limwamshe. Mimi ndiye nilikuwa mpiga debe wake mkuu. Pale sokoni nawaambia watu bila kuulizwa: dawa za dukani kemikali tupu, nyie, tumieni miti, miti haina madhara.

Nikanywa kikombe usiku. Saa 11 alfajiri shangazi akanigongea na kingine.

Navaa koti, mke wangu akanisikia nikipiga chafya. "Baba watoto, utawapigia wakwe chafya za namna hiyo?" Akanipa Piriton moja, kile kidonge kidogo cha njano ambacho hakikosekani kwenye droo ya nyumba yoyote. Nikameza. Tulipofika Usagara pua ilikuwa bado haijakata kabisa, shemeji akasimamisha Noah mbele ya duka la dawa, akarudi na vidonge viwili vya mafua. Hapo nikasita kidogo.

"Shemeji, hivi havitagombana na vile vya asubuhi?"

"Vitagombanaje? Piriton ni ya aleji. Hivi ni vya mafua. Ile ya shangazi ni miti. Kila mmoja na shamba lake."

Kwa kweli nilivutiwa na hoja hiyo. Nikavisukuma na soda.

Kitu kingine nilichokuwa nakisubiri safari hiyo ni daraja la Kigongo–Busisi. Nimekua nikivuka pale kwa kivuko, umebanwa kati ya lori na mama mwenye tenga la samaki, foleni unaweza kuzeekea ndani yake. Sasa tangu Juni 2025 kuna daraja la kilomita 3 juu ya ziwa, na mimi nilikuwa sijalipita. Niliwatangazia wote ndani ya gari kwamba leo sipepesi macho. Nakumbuka kibao cha Kigongo. Kinachofuata ni mtu ananipiga goti: "Mshenga, amka, tumefika."

Nilishuka nikiwa na mdomo mkavu ajabu. Ulimi umeshika kaakaa kama dagaa wa siku ya tatu juani aliyeng'ang'ania jiwe. Wazee wamejipanga mlangoni, nikataka kutoa salamu yetu ya asubuhi, "Mwangaluka" ya nguvu, ikatoka "mwa", nyingine ikabaki ndani. Mzee mmoja akamgeukia mwenzake: "Mshenga wao ana haya. Dalili njema."

Wangenipa kigoda haya yote yasingetokea. Walinipa sofa. Sofa lenyewe lile la kuzama, lina vitambaa vya kufuma mgongoni, nyumba ya bati, jua limeshapanda, chai ya maziwa, sahani ya matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha. Kisha ikaja pombe ya mtama, na mshenga haikatai pombe ya wakwe. Nikapiga nusu kibuyu. Wakanipa na karatasi ya orodha ya vitu vya kina mama, kanga, blanketi la bibi, koti la babu. Nikaisogeza karibu, herufi zinaogelea. Nikainyoosha mkono wote, zinaogelea kwa mbali. Baadaye nikaambiwa walidhani naidharau.

Msemaji wao alikuwa mjomba wa binti, mwembamba, ana kaunta buku na kalamu ya bluu iliyotafunwa mwishoni. Akafungua kwa 20. Nikajibu vizuri tu, hilo nalikumbuka: "Sisi tuna 8, lakini hao 8 wana afya kuliko sisi tuliokaa hapa." Watu wakacheka. Nikasema moyoni, leo hawa wanaondoka na soksi.

Halafu nikaanza kumtazama nzi. Alikuwa anatembea kwenye ukingo wa kikombe changu, anazunguka, anasimama, anafuta mikono, anaendelea. Sauti ya mjomba ikawa inakuja na kuondoka kama redio inayoishiwa betri. Nzi akazunguka tena. Nikafumba macho nipige hesabu.

Kuanzia hapo nasimulia nilichosimuliwa na baba mdogo, ambaye mpaka leo akitaka kukieleza lazima aketi kwanza.

Mjomba akasema, "Basi tukutane kwenye 10?" Kichwa changu kikaenda chini, kikarudi juu. Akaandika. Baba mdogo akafurahi, 10 ni ushindi. Mjomba, mtu mwenye uzoefu, akaona mbona imekuwa rahisi. "Au 12?" Kichwa chini, juu. Baba mdogo akasema kimoyomoyo, hapohapo, mwanangu, simama hapohapo. "Tuseme 14?" Safari hii kichwa kilishuka mpaka kidevu kikagusa tai, na "mmh" juu yake. Baba mdogo akamtumbulia macho shemeji. Shemeji akamwonyesha kwa kidole kwenye kichwa: anapiga hesabu.

Kwenye 15 mjomba aliogopa mwenyewe. Ni mtu mwungwana yule, nitamtetea popote. Akafunika kalamu, akafunga daftari. Hapo tulikuwa tumeumia lakini tunapona. Sebule ikawa kimya.

Katika kimya hicho mimi nikanena. Sauti safi kabisa, ya sokoni: "Ongeza mojaaa! Kamata moja ongeza na nyingine, mwenye mali kachanganyikiwa!"

Katika historia ya ushenga sijui kama kuna aliyewahi kupandisha bei ya upande wake. Mjomba akafungua daftari taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto. 16. "Chagua, mama, ongeza na hiyo!" 17. Kule jikoni vigelegele vimeanza. Baba mdogo akaanza kukohoa, maana kusema nilikataza lakini kukohoa sikukataza. Alikohoa mpaka akaletewa maji na kupigwa mgongo. Nikaongeza wa 18, kisha nikakoroma.

Anasema shemeji alitaka kunizindua, bibi yake binti akamzuia mkono. "Mwacheni. Mtu halali kwa watu asiowaamini."

Niliamka watu wananipa mikono. Nikajua ndiyo kwanza tunaingia, tunasalimiana. Nikasema "Wabeja, wabeja sana," yaani asanteni sana, na hilo likahesabiwa kuwa ndiyo muhuri.

Kurudi, hakuna aliyenisemesha. Nikaegemea dirisha, na daraja la kilomita 3 nikalivuka kwa mara ya pili bila kuliona.

Jumapili saa nne asubuhi nilikuwa bado kitandani, chai imepoa na kutanda utando. Aliyenitoa ni mpwa wangu, anasoma ufamasia hapa mjini, alikuja kula wali wa Jumapili akakuta msiba wa ng'ombe. Akaniuliza nilikula nini. Nikamjibu kwa majivuno kidogo kwamba dawa nilimeza kidonge kimoja tu, hivyo vingine ni mafua na miti. Akasema vileteni mezani.

Akageuza pakiti ya vidonge vya mafua, akanisomea maandishi ya nyuma, yale madogo ambayo mwanamume hayasomi. Parasetamoli, kafeini, klofeniramini. Akageuza Piriton. Klofeniramini. "Mjomba, umemeza dawa ileile kwa majina mawili."

"Lakini ile ni ya aleji."

"Ndiyo hiyohiyo." Akanieleza kwa subira, ana roho nzuri mtoto huyu. Mwilini kuna kitu kinaitwa histamini. Vumbi likiingia puani, hiyo ndiyo inayokupigisha chafya. Lakini histamini ina kibarua kingine kwenye ubongo, inakuweka macho. Dawa hizi za aleji za kizamani zinapenya mpaka ndani ya ubongo, kwa hiyo zikienda kuinyamazisha puani zinainyamazisha na kule juu. Nikamwuliza, yaani fundi kaitwa kuzima balbu ya choo, kaenda kuzima swichi kubwa? Akasema ndiyo maana za siku hizi, kama loratadini, zikatengenezwa ziwe haziingii sana kwenye ubongo. Mate kukauka, herufi kuogelea, ni hiyohiyo. Pombe nayo inaongeza usingizi juu ya usingizi. Na haitoki upesi: saa 20 zikipita, nusu ya dawa inaweza kuwa bado iko kwenye damu. Nikatazama saa ya ukutani. Hata hiyo nilikuwa siioni vizuri.

"Lakini hata hivyo," akasema, "kidonge ni miligramu 4, na mtu mzima mwisho wake 24 kwa siku. Hivi vitatu vingekusinzisha, lakini si kukufanya unadi ng'ombe. Ile chupa ina nini?"

Shangazi akaitwa. Akaja anajifuta mikono, akataja: mwarobaini, mpera, tangawizi, ndimu, asali. Akanyamaza. Mpwa naye akanyamaza. Hawa watu wa afya wanafundishwa kunyamaza.

"Na vile vya njano," shangazi akasema.

"Vya njano vipi, bibi?"

"Si vile vidogo. Nasaga kiganja kimoja. Miti peke yake inachelewa."

Mimi nilikuwa nimeshika kikombe, nikakiweka chini. Miaka yote hiyo! Nimegombana na watu sokoni! Ikaja kujulikana kwamba shangazi na vile vidonge walikutana zamani, enzi za klorokwini. Aliyeugua malaria wakati ule anakumbuka: homa inapoa, halafu mwili mzima unawasha, mchana na usiku, unajikuna kwa magunzi. Hospitali walimpa na vidonge vya njano vya kuzuia kuwashwa, akalala usingizi ambao, kwa maneno yake, hajaupata tena hata siku ya harusi yake. Klorokwini serikali iliiacha mwaka 2001 maana malaria ilishaizoea. Shangazi akabaki na cha njano.

Akajitetea vikali. Mbona dawa ya dukani nayo ni miti? Na kwa hilo mpwa alimkubalia: kwinini ilitoka kwenye ganda la mti, na ile ya malaria ya siku hizi, mseto, nusu yake imeanzia kwenye mmea wa Kichina. "Lakini ile wamepima, bibi. Wewe unapima kwa kiganja, na kiganja chako ni kikubwa." Halafu akaacha kucheka. Akamwambia mtoto mdogo ikimzidi inaweza kumletea degedege, na akaliinamisha chupa lote kwenye sinki mbele ya macho ya mwenye mali. Shangazi hakumsemesha mpaka Jumatano.

Baba mdogo nilimweleza habari yote ya histamini kwa simu, nikidhani atalegea. Akasikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo, mwanangu, 12 ni wangu. Hao 6 ni wa histamini." Histamini haina zizi, kwa hiyo wawili nimeshawanunua mnadani, wanne nadunduliza, na mjomba wa binti amekubali mmoja wa hao nimlipe kwa majaketi.

Jumamosi hii tunapeleka kundi la kwanza. Nimekataa kila kitu, hata tangawizi. Nimeomba kiti cha mbele kabisa, upande wa dirisha, nilione hilo daraja. Na leo nimefungua robota jingine, la mablanketi, jirani wa viatu ameshafika chafya ya 9.