Kwetu Ng'ombe Akigoma Hatumng'oi Meno

Fundi alitaka Sh 30,000. Nikamuuliza za nini, akasema, "Za kubadili filta ya petroli na plagi nne za pikapu yako, mwalimu." Spea ninunue mwenyewe, yeye afungue na kufunga tu. Sasa mimi nafundisha hesabu, na mwalimu wa hesabu ukimtajia namba lazima aigawe kwanza. Vitu vitano, Sh 6,000 kila kimoja, kwa kazi ya kuzungusha spana! Nikamwambia nitafikiria. Nikapita duka la spea, nikachukua plagi, filta na klempu mbili za kubania mpira wa mafuta, nikarudi zangu nyumbani Kihesa, Iringa, napiga mluzi.

Pikapu yenyewe ni Hilux ya mwaka 1989, niliyoachiwa na marehemu baba pamoja na deni dogo kwenye duka la pembejeo. Injini 22R, ya petroli, ya kabureta (chombo kinachochanganya petroli na hewa), cc 2,366. Nazitaja hizo cc kwa heshima ya marehemu, ambaye alikuwa hamkaribishi mgeni chai kabla hajamtajia. Kwa wiki kadhaa gari lilikuwa na kikohozi. Tambarare halina neno, ila likianza kuupanda ule mlima wa kutoka Ipogolo kuja Iringa mjini, linasita, linapiga chafya, linakuja juu kwa kwikwi huku abiria wa nyuma wakiwa wameshashika bomba kwa mikono miwili. Hizo ni dalili za filta iliyoziba: kwenye mlima injini inadai mafuta mengi, yanayopita ni kiduchu. Tenki la umri ule lina kutu, na petroli ya vidumu ninayonunuaga njia ya shamba ina mchanga wake. Plagi nazo, zile zinazorusha cheche ya kuwasha petroli, hazikuwa zimeguswa tangu enzi za marehemu. Kwa hiyo ugonjwa niliujua sawasawa. Naomba hilo likumbukwe huko mbele, maana sitakuwa na jingine la kujisifia.

Ilikuwa Jumamosi saa nane mchana. Mama mkwe alikuwa amekaa kwetu wiki mbili, na kesho yake alikuwa anarudi Njombe, basi linaondoka stendi ya Igumbilo saa 12 asubuhi. Mizigo ilishafungwa: ndoo mbili za nyanya, kitunguu nusu gunia, na jogoo mmoja aliyefungwa miguu akalazwa kivulini chini ya mparachichi. Mama mwenyewe alikuwa kwenye kiti hapo hapo karibu na jogoo, anachambua maharage.

"Si ungemwita fundi?" akauliza mke wangu.

"Saa moja tu hii."

Nikatoa waya wa betri, maana hilo nalijua, petroli na cheche havikai nyumba moja. Nikafungua boneti, nikachukua chaki mfukoni (sijawahi kuvaa suruali isiyo na chaki), nikaandika 1, 2, 3, 4 kwenye waya za plagi kwa mwandiko wa ubaoni. Kisha nikazichomoa zote nne kwa mpigo, kule kwenye plagi na huku kwenye distributa, inayogawa umeme kwa kila plagi kwa zamu. Mafundi wanaosoma hapa najua wameshashika vichwa. Waya wa plagi unachomolewa mmoja, unabadili plagi, unaurudisha, ndipo unakwenda kwa mwenzake. Mimi nikaona waya zimekolea vumbi, nikalowesha kitambaa kwa petroli kidogo, nikazifuta zikang'aa. Zikang'aa kweli. Chaki ya kuandikia haina ubishi na petroli.

Lakini wakati huo sikuwa nimegundua, nilikuwa kwenye plagi. Tatu za mbele zilitoka kwa kuguna tu. Ya nne, ile ya nyuma karibu na ukuta wa kabini, ilitoka na ngozi ya vidole vyangu viwili. Nikazipanga kwenye sinia: ncha nyeusi tii, masizi hadi kooni, wakati plagi yenye afya rangi yake ni ya kahawa ya maziwa. Mama mkwe akaacha maharage, akanyoosha shingo kulitazama lile sinia.

"Mwalimu."

"Naam, mama."

"Kwetu ng'ombe akigoma kutembea hatumng'oi meno."

Nikacheka kwa adabu, nikaendelea. Plagi mpya inatakiwa nafasi ya milimita 0.8 pale inaporuka cheche, na fundi hupima kwa fila geji. Mimi nikatoa rula ya kwenye mkebe. Rula ina mistari ya milimita nzima nzima, kwa hiyo nikakodoa jicho na kukadiria, jambo ambalo mwanafunzi wangu akilifanya namchapia alama ya kosa. Nikazifunga zote nne, nikaanza kwa vidole kwanza ili nisije nikala meno ya silinda hedi, pale plagi inapofungwa, maana ni ya alumini. Vizuri kabisa.

Ikaja filta. Kwenye gari langu imekaa chini, ubavuni mwa chesisi, na imekaa chini kuliko tenki. Hilo la mwisho nililijifunza nikiwa nimelala chali na mpira wa mafuta umeshachomoka. Petroli ya baridi ilinitiririka kwenye kiganja, ikafuata mkono, ikapita kiwiko bila kusimama, ikaingia kwapani. Asiyewahi kumwagiwa petroli kwapani siwezi kumweleza. Mwanzoni ni baridi, ukafurahi. Baada ya kama nusu dakika ni pilipili.

"Nileteeni kitu cha kuzibia!"

Mwanangu wa darasa la pili alikuwa amechuchumaa pale pale, ameshika daftari, anafanya kazi ya nyumbani huku anakagua kazi yangu. Akanipa alichokuwa nacho mkononi: penseli. Nikaizungushia kitambaa, nikaisokomeza kwenye mpira, ikakaba. Nikatoka chini mbio kwenda kuoga. Jirani aliyekuwa anakoka jiko la mkaa upande wa pili wa ua akaambiwa alizime, akalizima kwa kinyongo, na mke wangu akaniamuru nivue kila nilichovaa kabla sijakaribia mlango. Nikarudi nimevaa shati la kitenge la Kanisani, ndilo lililokuwa limepigwa pasi.

Filta mpya ina mshale unaoonyesha mafuta yanakoelekea, nikauelekeza kwenye injini. Nikaichomoa penseli, imegoma, nikaivuta kwa nguvu, ikatoka. Nikaiweka sikioni kama seremala, nikapachika mpira, nikakaza klempu. Hakuna tone lililovuja. Nilijisikia mhandisi. Sasa hivi nikilikumbuka lile neno, "hakuna tone", natamani nijizabe kibao.

Nikarudisha waya wa betri, nikarudi kwenye zile za plagi ndipo nikaziona zinavyong'aa. Hazina hata nukta. Nikazichomeka kwa hisia. Nikaingia kwenye gari, nikapiga stata.

Ukalia mlipuko ambao Kihesa hawajausahau. Ulipita kwenye ekzosi, na mwingine mdogo ukarudi kwa juu, mdomoni mwa kabureta. Jogoo akaruka na kamba yake, akaangukia kwenye ndoo ya nyanya. Jirani wa jiko akalala kifudifudi. Mama mkwe hakutikisika. Alinyanyua ungo wake wa maharage, akasogeza kiti nyuma hatua tatu, akakaa tena.

Mtu mwingine hapo angempigia fundi. Mimi niliona swali la hesabu. Waya nne, matundu manne: 4 × 3 × 2 × 1, mipangilio 24, na mmoja kati yake ni sahihi. Kilichotakiwa ni subira na utaratibu. Nikatoa penseli sikioni, nikaiorodhesha yote 24 kwenye karatasi, kwa mfuatano, kuanzia 1-2-3-4.

"Baba, hiyo penseli yangu."

"Subiri, baba anafanya hesabu."

Wa kwanza, mlipuko. Nikaukata kwa penseli. Wa pili, kimya. Wa tatu, tetemeko. Watoto wa mtaa walishajaa ukutani, na kila nikishika ufunguo wanaziba masikio wote kwa pamoja. Wa saba, 2-1-3-4. Nikapiga stata, na gari likawaka! Likawaka laini, limetulia, kama siku ambayo marehemu alilileta. Mke wangu akapiga vigelegele. Watoto wakashangilia. Mama mkwe akaacha kabisa maharage, akaitikia kwa kichwa, na mimi nikashuka kwenye gari na shati langu la Kanisani nikawapungia ukutani kama mheshimiwa mbunge.

Baada ya kama dakika moja likakohoa mara mbili, likazima.

Hapa ndipo elimu iliponiponza. Mtu wa kawaida angesema: liliwaka, kwa hiyo waya ziko sawa, tutafute kingine. Mimi nikasema: mpangilio sahihi usingezima, kwa hiyo huu si sahihi. Nikaukata wa saba. Nikaenda wa nane. Nikaenda wa tisa. Mpaka wa kumi na tano stata ikawa haizungushi tena, inasema "tik", na giza lilikuwa limeshaingia.

Usiku ule mwanangu alilala bila kumaliza kazi ya nyumbani. Alfajiri nikaita bajaji. Mama mkwe alikaa nyuma na ndoo moja ya nyanya nzima, moja ya nyanya zilizokanyagwa, kitunguu, na jogoo ambaye tangu jana alikuwa hajawika. Nikampa shikamoo ya kumuaga, akaitikia marahaba. Kisha akaniangalia hapa pembeni ya kichwa.

"Mwalimu, ile penseli uliyopewa na mtoto ilikuwa nzima."

"Nitamnunulia nyingine, mama."

"Sijasema umnunulie. Nimesema ilikuwa nzima."

Bajaji ikaondoka. Nikamwambia mke wangu mama amechoka.

Fundi alikuja mchana, na yeye hakucheka, jambo lililoniuma zaidi. Akaitazama distributa, akaitazama karatasi yangu ya mipangilio 24, akauliza, "Liliwaka wapi?" Nikamwonyesha wa saba. Akaanza kuhesabu kwa kidole akizunguka kifuniko: "Moja, tatu, nne, mbili. Hii ndiyo zamu ya cheche yenyewe, mwalimu. Umeanzia kuhesabu pembeni tu, lakini ni duara." Ni duara. Nimefundisha duara miaka 14.

Akazirudisha waya kwenye namba saba, akaazima moto kwenye betri yake, akamimina petroli kizibo kimoja cha soda kwenye kabureta. Gari likawaka, sekunde chache, likazima. "Mafuta hayafiki. Jana liliwaka kwa yale yaliyobaki kwenye bakuli la kabureta, yalipokwisha likazima." Akaingia chini. Akafungua mpira unaotoka kwenye tenki. Halikutoka tone. Akapuliza, mashavu yakamvimba, hewa haipiti. Akaomba koleo ya mdomo mwembamba.

Kilichotoka kwanza ni uzi wa kitambaa. Kisha mti. Kipande cha penseli chenye mistari myekundu na myeusi, kirefu kama kidole cha shahada, na kwenye mti wake alama za meno, maana mwanangu akifikiri hutafuna. Penseli iliyotafunwa pale katikati haivutwi kwa nguvu, inakatika. Petroli ikafuata nyuma yake, ikapita kiganjani mwa fundi, ikafuata mkono.

"Penseli yangu!" mtoto akasema.

Fundi akatoka chini ya gari taratibu, kipande mkononi. Hakusema neno. Aliniangalia sikio la kulia tu, na mimi nikainua mkono nikagusa, na kipande cha pili kilikuwa pale pale, kimekaa tangu jana, hata bajaji nimeiita nacho.

Nililipa Sh 30,000 bila kuzigawa kwa chochote. Gari sasa linaupanda mlima wa Ipogolo gia ya tatu linaimba, plagi mpya na filta vinafanya kazi yake, na kazi ya kufunga, nasema bila aibu, ni yangu yote ukiondoa penseli.

Saa kumi jioni simu ikaita. Mama mkwe ameshafika Njombe, mvua inanyesha, nyanya zilizokanyagwa ameziuza njiani Makambako kwa bei nzuri tu.

"Na ile penseli, mwalimu, imepatikana?"

"Imepatikana, mama."

"Ilikuwa wapi?"

"Haloo? Haloo mama? Mtandao unakatika huku..."

Mke wangu, aliyekuwa amekaa hatua mbili kutoka nilipo na anasikia kila neno, akanyoosha mkono.

"Lete hiyo simu."