Gari limetoka kwa fundi wa mtaani, sasa linaenda kwa wakala: huku Uingereza na nyumbani Dar

Dar kuna imani iliyoota mizizi kwamba huku Ulaya gari likiguswa tu na fundi asiye wa kampuni, waranti imekufa. Haiko hivyo. Uingereza ina amri iliyoanza kutumika Juni 2023, ikachukua nafasi ya kanuni za Umoja wa Ulaya, na inawabana watengenezaji wasifute waranti eti kwa kuwa sevisi ilifanyika gereji huru. Marekani wana sheria ya Magnuson-Moss tangu 1975: kampuni ikigoma, yenyewe ndiyo ithibitishe kuwa kazi au spea ya yule fundi ndiyo iliyoleta ubovu.

Ila ulinzi wote huo umekaa juu ya karatasi. Risiti iliyoandikwa "sevisi" basi haikufikishi popote. Inatakiwa tarehe, kilomita, daraja la oili na namba ya filta. Halafu kuna waranti za nyongeza, kama ile ya Toyota Uingereza inayojihuisha kila ukifanya sevisi kwao. Hiyo ukienda kwingine haijihuishi, na huna pa kulalamika.

Nyumbani hesabu ni nyingine. Gari nyingi za Dar ni mtumba wa Japani, hazina waranti ya kupoteza. Wakala, yaani gereji rasmi ya kampuni ya gari, hakudai chochote na wewe humdai chochote. Kinachokuumiza pale ni kwamba kabla hajaanza kutafuta ugonjwa, inabidi kwanza afumue yaliyofanywa na waliomtangulia, na saa hizo za kufumua ni zako kulipa.

Chukua thamostati, kile kifaa kinachozuia maji ya rejeta yasizunguke mpaka injini ipate moto. Gari likichemka, fundi anaing'oa na kukwambia nchi yetu ya joto haiihitaji. Kwenye injini ya 1NZ ya Toyota IST, thamostati hufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Ukiitoa, maji yanazunguka muda wote, injini inachelewa kupata moto, na kompyuta inaendelea kumwaga mafuta ikidhani bado ni baridi. Matumizi yanapanda, halafu unaanza kulaumu kituo cha mafuta. Na chanzo cha kuchemka bado kipo palepale: rejeta iliyoziba, mfuniko uliochoka, au feni isiyowaka. Ndipo inakuja hatua ya pili, feni inaungwa moja kwa moja izunguke ukiwasha tu swichi, pengine kwa waya mwembamba usio na fyuzi. Ya tatu ni kujaziwa maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Aluminiamu ya injini na chumvi hazikai nyumba moja. Gari likifika kwa wakala na mambo hayo matatu, hawezi kupima lolote mpaka arudishe thamostati, waya na kulanti, yaani maji maalumu ya rejeta. Bili ya kwanza itakushtua, na ugonjwa uliolipeleka gari haujaguswa.

Giaboksi ndiyo ghali zaidi. IST ya zamani, NCP61, ina otomatiki ya gia 4 inayotumia oili ya T-IV. IST mpya, NCP110, ina CVT: mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili, na unashika kwa msaada wa oili yake maalumu. Gari zote mbili watu wanaziita IST, na mafundi wengine wanazimiminia oili ileile nyekundu. Kwenye CVT mkanda unaanza kuteleza, unakwaruza puli, na unga wa chuma unakusanyika kwenye sumaku za sampo, lile bakuli la oili la chini. Wakala akishauona unga huo, hana habari ya kusafisha. Anakupa bei ya giaboksi nzima. Kwa hiyo ukinunua oili Gerezani au Kariakoo usitaje jina la gari, taja namba ya chesesi.

Jambo dogo linalokera kuliko ukubwa wake ni kufuta kodi za hitilafu, zile namba ambazo kompyuta ya gari huhifadhi. Taa ya injini ikiwaka, fundi anachomeka mashine, anafuta, taa inazima, unalipa. Alichofuta ni pamoja na kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu inatokea: joto, mizunguko, mwendo. Kuchomoa betri nako kunafuta. Baada ya hapo kompyuta inahitaji safari kadhaa, kuanzia injini ikiwa baridi hadi mwendo wa barabara kuu, ndipo ijipime upya. Kwa foleni za Dar hilo linaweza kuchukua siku nyingi. Piga picha skrini ya mashine kabla hakijafutwa kitu, namba kamili, mathalani P0171 au P0420. Hiyo ya P0420 mara nyingi inakuja kwa watu waliotolewa masega ya eksozi, yale yanayosafisha moshi. Huku Uingereza gari lililokuja na masega halafu likatolewa halipiti ukaguzi wa mwaka.

Pale mapokezi sema ukweli wote: nini kilibadilishwa, lini, spea mpya au ya mtumba. Usiagize dawa, eleza dalili. "Linatetemeka likiwa baridi, likipata moto linatulia" inamsaidia fundi kuliko "badilisha plagi". Omba kwanza upimaji peke yake, kwa kiwango cha pesa kilichoandikwa, na spea za zamani zirudi kwako kwenye boksi.

Sasa nisieleweke kwamba huku ndiyo peponi. Fundi wa huku hatengenezi, anabadilisha. Altaneta ikigoma inatolewa nzima, kwa kuwa saa ya fundi ni ghali kuliko kifaa. Dar mtu anaifungua, anaweka kaboni na beringi, jioni inachaji. Altaneta, stata, bushi na shokapu, mimi nasema peleka mtaani bila aibu. Eabegi, breki za ABS, funguo za kielektroniki, CVT na betri ya haibridi, peleka kwa wakala.

Oili mtaani sawa, lakini simama hapohapo. Nati ya sampo inataka nyutonimita 37 tu na wosha mpya. Ikikazwa kwa bomba refu tredi zinaliwa, na wakala atakuuzia sampo. Injini ya 1NZ inachukua lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo kopo la lita 4 lazima libakize kidogo. Kilichobaki kirudishe kwenye buti na kopo lake, lebo isomeke, kilomita zimeandikwa kwa kalamu ya wino. Kopo likibaki tupu, huenda oili imezidi: chomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, kabla hujalipa.